Barua ya wazi kwa wasimamizi wa kriketi: vitabu vya alama vya klabu ndogo vinaoza

Kwa wenyeviti, makatibu na wajumbe wa Baraza la Kimataifa la Kriketi, wa vyama vya kriketi vya mataifa na vya mikoa, pamoja na maofisa wa halmashauri ambazo viwanja vya klabu ndogo viko chini ya mamlaka yao.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mwandishi wa alama wa klabu ndogo. Kwa misimu 26 nimekaa kwenye meza ya pembeni ya uwanja, penseli mkononi na kifutio mfukoni, nikiandika kila mpira uliorushwa na kila mkimbio, yaani pointi, uliopatikana. Ombi langu ni moja, nami naliweka hapa mwanzoni ili lisipotee katika maelezo: kubalini kwamba kumbukumbu za kriketi ya mitaani na vijijini, yaani vitabu vya alama, mihtasari ya mikutano, picha, na zaidi ya yote masimulizi ya wazee wetu, ni dhamana yenu kama zilivyo kumbukumbu za mechi za kimataifa, na mchukue hatua za kuzihifadhi kabla waliobaki hawajatutoka.

Mnafahamu, bila shaka, ushahidi wa kwanza wa uhakika wa mchezo huu ulitoka wapi. Haukutoka kwa mfalme wala kwa klabu. Ulitoka mahakamani, katika mji wa Guildford nchini Uingereza, mwaka 1598 kwa kalenda ya sasa, katika kesi ya kugombea kipande cha ardhi. Mzee mmoja aitwaye John Derrick, aliyekuwa na umri wa miaka 59 hivi, alikula kiapo na kueleza kwamba alipokuwa mwanafunzi, yeye na wenzake walikuwa wakikimbia na kucheza kriketi kwenye kiwanja hicho, ambacho baadaye mtu mmoja alikizungushia uzio na kukifanya mahali pa kuwekea mbao. Tafadhali litafakarini jambo hilo kwa utulivu. Historia ya mchezo mnaousimamia inaanza na kumbukumbu ya mzee kuhusu uwanja ambao jamii ilikuwa inaupoteza. Karani alichukua kalamu na kuandika maneno yake; asingefanya hivyo, miaka ile 50 ya watoto kucheza ingefutika yote.

Na baada ya hapo hali iliendelea kuwa hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1611 tunajua kwamba kriketi ilichezwa Sidlesham, kijiji cha Uingereza, kwa sababu tu wanaume wawili walishtakiwa katika mahakama ya kanisa kwa kucheza siku ya Jumapili ya Pasaka badala ya kwenda ibadani. Tunajua kwamba tarehe 26 Julai 1745 wasichana wa Bramley walicheza dhidi ya wasichana wa Hambledon, na kwamba wa Hambledon walishinda kwa 127 dhidi ya 119, kwa sababu gazeti moja liliona habari hiyo inafaa kuchapishwa. Wachezaji wenyewe wakati ule walihesabu mikimbio kwa kukata alama kwenye fimbo. Fimbo hizo ziko wapi? Ziliishia jikoni, nadhani, zikawa kuni. Kwa hiyo kriketi ya watu wa kawaida imetunzwa kwa bahati, na waliobahatisha kuitunza ni watu wasiohusika nayo.

Huenda mmoja wenu atajibu kwamba siku hizi kila mpira wa mechi kubwa unapigwa picha na kuhesabiwa na kompyuta, na kwamba hata klabu ndogo zinaandika alama kwenye simu. Hilo ni kweli, nami nalifurahia. Lakini ninazungumzia miaka 100 na zaidi ya kabla ya simu, iliyomo kwenye madaftari yaliyowekwa chini ya vitanda na juu ya makabati.

Niruhusuni niwafungulie ukurasa mmoja. Kitabu changu kikongwe zaidi kina jalada la kitambaa cha kijani kilichopauka, na pembe zake zimeliwa na wadudu. Ndani, mistari ya penseli bado inasomeka. Kila mpira usiozaa mkimbio umewekewa nukta, na mrushaji alipomaliza ova nzima, yaani mipira sita, bila kutoa hata mkimbio mmoja, mwandishi wa wakati ule aliziunganisha nukta zake sita zikawa herufi M. Na kama katika ova hiyo mrushaji aliangusha wiketi, yaani alimtoa mpigaji, mwandishi aliziunganisha kwa namna nyingine zikawa W. Kwenye ukurasa huo kuna M nne mfululizo za mrushaji mmoja, kisha duara la doa la chai, kisha neno moja tu, “mvua”, na baada yake safu zote ni tupu. Nikigeuza kurasa za misimu iliyofuata namwona kijana anayeanza akiwa wa 11 katika orodha ya wapigaji, mwaka unaofuata yuko nafasi ya nane, kisha ya tano, kisha ya tatu. Halafu jina lake halionekani tena.

Kitabu hakisemi alikwenda wapi. Mzee mmoja aliyekuwa akikokota rola enzi hizo ndiye aliyenieleza kwamba kijana yule alipata kazi ya zamu kiwandani, na siku za mechi zikawa siku za kazi. Wachezaji wanne wa timu ileile walitoweka mwaka huohuo kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo safu ya majina katika kitabu cha alama, ukiisoma pamoja na mtu anayekumbuka, inakuwa habari za ajira, za kuhama, za ndoa, za magonjwa na za uhasama wa mtaa na mtaa. Bila mtu huyo ni penseli juu ya karatasi. Mzee huyo amefariki, na nilikuwa nimemwandikia kurasa sita tu za mazungumzo, jambo ambalo linaniuma mpaka leo.

Kuna wengine ambao hata kitabuni hawamo. Katika mihtasari ya mikutano ya klabu yetu, mwaka baada ya mwaka, imeandikwa kwamba mkutano uliwashukuru “akina mama wa chai”. Hakuna jina hata moja. Wanawake hao walipika, waliosha sare, walichangisha fedha za kununulia mipira, na angalau wawili kati yao, kwa ushuhuda wa mabinti zao, walirusha mpira vizuri kuliko waume zao, ila hakukuwa na timu ya kuwachukua. Anayetaka kuandika historia ya kriketi ya jamii na akaishia kwenye vitabu vya alama peke yake atakuwa ameandika nusu ya watu.

Sasa naeleza kilichonisukuma kuandika barua hii. Klabu jirani na yetu, ambayo tulicheza nayo kila msimu, ilifungwa baada ya uwanja wake kubadilishiwa matumizi. Sitaitaja ofisi iliyohusika, kwa kuwa lengo langu si kulaumu mtu mmoja. Banda la wachezaji lilivunjwa asubuhi moja. Nilipofika mchana, masanduku matatu ya karatasi yalikuwa juu ya kifusi, mvua ilikuwa imenyesha, na vitabu vilikuwa vimevimba na kushikana kama mkate uliolowa. Niliokoa viwili. Nilipouliza ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuvitunza, chama kilisema ni mali ya klabu, klabu haikuwapo tena, na wenye ardhi walisema makubaliano yao yalihusu ardhi na jengo. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alisema kweli kwa upande wake, na vitabu vikaenda jalalani.

Waheshimiwa, historia mnayojivunia kwenye makumbusho yenu imejengwa juu ya viwanja na watu wa namna hii, na mifano yake mnaijua. Huko Bombay, India, Waparsi, jamii yenye asili ya Uajemi, waliunda klabu yao ya kwanza mwaka 1848, wakacheza kwenye uwanja wa wazi uliotumiwa na umma, mpaka Wazungu wa klabu iliyowafungia milango walipoanza kuchezea polo palepale na kwato za farasi zikaharibu nyasi. Wachezaji wenyeji waliandika malalamiko kwa gavana, mara kwa mara, katika miaka ya 1880. Tunaujua mgogoro huo kwa undani kwa sababu barua hizo zilibaki, na kwa sababu Mparsi mmoja aliyeshiriki aliandika yote mwaka 1897 wakati kumbukumbu zilikuwa bado mbichi. Bila yeye tungebaki na matokeo ya mechi tu, tusijue kwamba nyasi zile zilipiganiwa kwa kalamu.

Mfano wa Palwankar Baloo, mrushaji wa India, unanigusa zaidi, pengine kwa sababu nami nimefanya kazi za uwanjani. Alizaliwa katika tabaka ambalo Wahindu wa matabaka ya juu walikataa kuligusa. Aliingia kwenye kriketi kupitia mlango wa kazi: kukokota rola, kutengeneza uwanja na kuwarushia mipira maofisa wa Kiingereza huko Poona walipokuwa wakifanya mazoezi. Timu ya Wahindu ilipomhitaji ili ishinde, ilimchukua, lakini wakati wa chai alipewa chombo chake cha peke yake, nje ya banda. Katika ziara ya timu ya India nchini Uingereza mwaka 1911 aliangusha wiketi zaidi ya 100, na mwaka 1923 mdogo wake, Vithal, akawa nahodha wa Wahindu. Kitabu cha alama kinatupa wiketi zile. Habari za chombo cha chai zilitoka vinywani mwa watu. Ni ipi kati ya hizo mbili inayotueleza zaidi kuhusu jamii iliyoutazama mchezo ule? Mimi nasema zote zinahitajika, na kwamba ninyi mmetunza moja.

Barbados nayo ilikuwa na klabu zilizopangwa kwa rangi na hadhi, kiasi kwamba mpigaji Everton Weekes, aliyekulia jirani kabisa na uwanja wa Kensington Oval, hakuweza kuwa mwanachama wa klabu ya Wazungu iliyouchezea. Njia yake ilipita katika ligi iliyoanzishwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu wa vijijini na mitaa ya maskini ambao klabu kubwa hazikuwataka. Kati ya mwaka 1948 na mwanzo wa 1949 alifunga mamia matano mfululizo, yaani mikimbio 100 au zaidi kila zamu, katika mechi za Test, zile za kimataifa, rekodi ambayo bado imesimama. Kila shabiki anaijua namba hiyo. Ligi iliyomlea inajulikana na wachache.

Pengine mtasema kwamba haiwezekani kurudi nyuma na kuzitambua mechi ambazo hazikuwa rasmi. Inawezekana, na tayari imefanyika. Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, wachezaji wasio Wazungu walikuwa na bodi zao, ligi zao na makombe yao, wakicheza mara nyingi kwenye viwanja vya changarawe na mikeka. Basil D'Oliveira alikulia humo, Cape Town, na ilimbidi aende Uingereza mwaka 1960 ili kipaji chake kihesabiwe. Alipochaguliwa mwaka 1968 kwenda kucheza nchini alikozaliwa, serikali ya huko ilikataa kuipokea timu hiyo na ziara ikafutwa. Wenzake waliobaki waliendelea kucheza bila dunia kuwatazama. Miaka mingi baadaye mechi za kombe lao la Howa Bowl zilipewa hadhi ya daraja la kwanza, yaani zikaingizwa katika rekodi rasmi, na wanaume ambao takwimu zao zilikuwa sifuri katika vitabu vya wakubwa wakapata mikimbio na wiketi zao. Mechi isiyo na kitabu cha alama haiwezi kurudishiwa hadhi yake. Ndiyo maana nasisitiza vitabu: kila boksi linalotupwa ni haki ya mtu inayofungiwa mlango kabisa.

Nchini Uingereza kwenyewe, wahamiaji walipanda kriketi yao katika miji ya viwanda. Learie Constantine wa Trinidad alifika mji wa Nelson mwaka 1929 kuichezea klabu yake, akaishi katikati ya wafumaji wa pamba ambao wengi wao hawakuwahi kuwa na jirani mweusi, na katika misimu yake 9 klabu hiyo ilishinda ligi mara 7. Mwaka 1948 watu wa Karibi walioko Leeds walianzisha klabu yao wenyewe. Klabu za namna hiyo zilikuwa mahali pa kupata habari za kazi na vyumba vya kupanga, mahali pa kula chakula cha kwao na kuzungumza bila kusimangwa. Mwaka 2023 tume huru iliyochunguza usawa katika kriketi ya Uingereza na Wales ilipokea maelezo ya watu zaidi ya 4,000 na kueleza wazi kwamba ubaguzi wa rangi, wa jinsia na wa tabaka umeota mizizi katika mchezo, na uongozi uliomba radhi. Niliisoma habari hiyo kwa uchungu, na pia kwa matumaini, kwa sababu ilithibitisha kwamba mkitaka kuwasikiliza watu wa chini mnaweza. Kwa nini tusubiri malalamiko ndipo tusikilize?

Najua pia kwamba kriketi nyingi haikuwahi kuandikwa popote. Vijana wa Karachi waliouzungushia mpira wa tenisi utepe wa mafundi umeme ili uende kasi, wakacheza barabarani chini ya taa usiku wa Ramadhani, hawakuwa na meza ya mwandishi wa alama. Wala wakazi wa visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, walioletewa mchezo huu na mmisionari mwaka 1903, wakaugeuza kuwa wao kwa ngoma na nyimbo na timu za watu wengi kadiri wanavyopenda. Huko kinachohitajika ni kinasa sauti na mtu mwenye subira. Frank Nsubuga wa Uganda, akiwa na umri wa miaka 43, alirusha ova 4 dhidi ya Papua New Guinea katika Kombe la Dunia la mwaka 2024, akatoa mikimbio 4 tu na kuangusha wiketi 2, na takwimu hiyo mmeiweka vizuri. Muulizeni sasa, yeye na wa rika lake wote, nani aliwapa mpira wa kwanza, nani aliwaonyesha namna ya kuushika, na uwanja huo uko katika hali gani leo.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo yaingizwe katika ajenda zenu. Kila chama cha taifa kiwe na mtu mmoja mwenye wajibu wa kumbukumbu za klabu za chini, mwenye jina na simu inayopokelewa, ili siku klabu inapofungwa kuwe na pa kupeleka masanduku. Halmashauri zinapokodisha, kuuza au kubadilisha matumizi ya uwanja, mkataba utaje kumbukumbu zilizomo kama unavyotaja jengo na mipaka. Ni sentensi moja tu, nayo ingeokoa yale masanduku matatu. Vitabu vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, kisha vibaki kwa wenyewe wakitaka, kwa maana sitetei hata kidogo kuzinyang'anya klabu mali zao na kuzifungia mbali katika jengo la mji mkuu ambalo mjukuu wa mchezaji hawezi kuingia. Na kazi ya kuwahoji wazee, wanaume kwa wanawake, ianze msimu huu, kwanza kwa wenye umri mkubwa zaidi, kwa lugha wanazozizungumza nyumbani, na majina ya akina mama wa chai yaulizwe kabla ya matokeo ya mechi.

Gharama haiwezi kuwa sababu. Haki za kutangaza mashindano ya ligi kuu ya India kwa misimu mitano tu, kuanzia mwaka 2023, ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 6 za Marekani. Kinasa sauti, kamera na nauli ya msichana au mvulana aliyesomea historia ni vitu vidogo mno mbele ya fedha za mchezo huu, na wapo vijana wengi ambao wangeifanya kazi hiyo kwa moyo.

Ninavyo vitabu 31 vya klabu yetu na viwili nilivyookoa kutoka kwenye kifusi, ambavyo nimevikausha kwa kuweka karatasi nyeupe kati ya kila ukurasa na ukurasa. Kimojawapo bado kimeshikana katikati na sithubutu kukifungua kwa nguvu. Kinahitaji fundi anayejua karatasi. Pia ninayo orodha ya wazee 14 walio tayari kuzungumza, na mkubwa wao ana miaka 91. Chama chochote kitakachonijibu nitakipelekea orodha hiyo siku hiyohiyo, na vitabu nitavileta mwenyewe.

Wenu katika mchezo,

Mwandishi wa alama wa klabu ndogo